Nimekabidhi faili zote, mteja kanyamaza: nifanye nini?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Nimejifunza unukuzi wa sauti na tafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili. Kwa miezi minne sasa natafuta kazi kwenye jukwaa moja kubwa la mtandaoni. Nimeshatuma maombi kama 70; barua ni ileile, nabadilisha jina la kazi tu. Kwenye wasifu nimeandika kwamba nafanya unukuzi, tafsiri, uchapaji, uingizaji wa data na usaidizi wa ofisi, ili nisikose hata kimoja. Bei nimeweka dola 3 kwa saa, kwa kuwa bado sina maoni ya wateja.

Waliojibu ni watatu. Wa kwanza alinipa jaribio la kunukuu dakika 20, nikamtumia, akapotea. Wa pili aliniomba tuhamie kwenye barua pepe ili sote tukwepe makato ya jukwaa. Alinipa mahojiano ya dakika 360 kwa senti 50 za dola kwa kila dakika ya sauti, jumla dola 180. Nilikabidhi faili zote kwa pamoja. Baada ya siku nne akaandika kwamba ubora hauridhishi, kisha akanyamaza. Hii ni wiki ya tatu. Wa tatu amenipata kupitia Telegram: ana picha za kurasa 200 anazotaka zichapwe kwa dola 1,500, ila kwanza nilipe dola 45 za usajili, ambazo anasema zitarudishwa.

Juu ya hayo, kuna mtu ananiomba nimkodishie akaunti yangu iliyokwisha kuthibitishwa, awe ananilipa kila mwezi. Nimeanza kufikiri huenda hiyo ndiyo njia pekee ya kupata chochote.

Nisaidie: zile dola 180 zinapatikana? Nakosea wapi kwenye maombi? Na nikipata mteja wa kweli, fedha nizipokeeje? Wengine wananiambia nitumie huduma za malipo za mtandaoni, PayPal au Payoneer, wengine benki moja kwa moja.

Mnukuzi Mgeni

*

Ndugu Mnukuzi,

Usitume hizo dola 45, na usikodishe akaunti. Mengine yote yanaweza kusubiri kesho. Hayo mawili yafunge leo.

Piga hesabu ya hiyo kazi ya Telegram. Dola 1,500 kwa kurasa 200 ni dola 7.50 kwa kila ukurasa, na maandishi yenyewe tayari yanaonekana kwenye picha. Google Docs hufungua picha ya ukurasa na kuigeuza kuwa maandishi bila malipo, kwa dakika chache. Mwenye kurasa 200 za kweli hutafuta mtu wa kusahihisha makosa ya programu, wala halipi bei hiyo. Kazi hapo ni chambo, biashara ni ada. Ukishalipa 45 utapewa kurasa, utazichapa kwa mikesha, kisha utaambiwa malipo yamekwama mpaka ulipie kodi. Halafu ada ya kuhamisha, halafu ya kufungua akaunti iliyozuiwa. Kila ada huwa ndogo ukiilinganisha na ile 1,500 unayoisubiri, na ndiyo maana watu huendelea kulipa hata wakishaanza kushuku.

Mteja wa kweli hamdai mfanyakazi fedha. Ada halali ni zile za jukwaa lenyewe, nazo hulipwa ndani ya jukwaa. Kama umeshamtumia huyo mtu picha ya kitambulisho chako, badilisha nywila ya barua pepe na ya jukwaa, washa uthibitisho wa hatua mbili, na uwaandikie jukwaa ukiwaeleza kwamba nakala ya kitambulisho chako iko mikononi mwa tapeli. Lipo pia tawi jingine la utapeli huu ulijue mapema: mteja "anakulipa zaidi kwa bahati mbaya" kwa hundi au kwa kadi, anakuomba urudishe ziada. Wewe unarudisha fedha halisi, kisha malipo yake yanabatilishwa kwa kuwa hundi ni bandia au kadi ni ya wizi.

Kuhusu akaunti: anayeikodi anafanya kazi kwa jina lako na kwa kitambulisho chako. Akimdhulumu mteja, kwa kumbukumbu za jukwaa aliyedhulumu ni wewe. Majukwaa huona akaunti inafunguliwa leo kutoka nchi moja na kesho kutoka nyingine, na huweza kukuita ghafla kwenye uthibitisho wa video. Ikifungwa, fedha zilizomo huweza kuzuiliwa na huruhusiwi kufungua nyingine. Akaunti iliyothibitishwa ndiyo mtaji pekee ulio nao sasa, tafadhali ishikilie.

Sasa tuje kwenye dola 180. Uwezekano wa kuzipata ni mdogo, lakini kuzidai kwa utaratibu hakuchukui zaidi ya saa moja, kwa hiyo dai. Andaa ankara: namba ya ankara, tarehe, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la mteja, maelezo ya kazi, dakika 360 mara dola 0.50, jumla, sarafu, tarehe ya mwisho ya kulipa, na namna ya kukulipa. Iambatishe kwenye ujumbe wa namna hii:

"Habari. Tarehe fulani nilikukabidhi unukuzi wa dakika 360 kwa bei tuliyokubaliana ya dola 0.50 kwa dakika. Umesema ubora hauridhishi. Tafadhali nionyeshe sehemu zenye makosa kwa dakika na sekunde, nami nitazirekebisha bila malipo ndani ya siku tatu. Nisipopata orodha hiyo kufikia tarehe fulani, nitachukulia kwamba kazi imepokelewa, na ankara iliyoambatishwa ilipwe kamili."

Ujumbe huu unatenganisha lalamiko la kweli na kisingizio. Mteja ambaye kweli ameona makosa atayaonyesha, kwa sababu anahitaji kazi iliyonyooka. Asiye nayo ya kuonyesha atanyamaza, na ukimya wake utakuwa umeandikwa. Kabla ya kutuma, sikiliza upya dakika kumi kutoka sehemu tatu tofauti za faili zako. Ukikuta majina ya watu na mahali yamekosewa, au vipande vingi ulivyoandika "haisikiki" kumbe vinasikika, lalamiko lake lina msingi. Rekebisha na utume bila kusubiri.

Tuma ukumbusho siku ya saba na siku ya 14. Kama mteja anafanya kazi chini ya taasisi, ukumbusho wa pili upeleke pia kwa idara yao ya uhasibu, kwa lugha ileile ya heshima. Mara nyingi aliyekupa kazi si yeye anayeshika fedha. Usimtishie kuyasambaza yale mahojiano. Ni sauti za watu waliozungumza kwa siri, na ukifanya hivyo utawaumiza wao, si yeye. Baada ya ukumbusho wa pili funga jalada hilo. Kulalamika jukwaani hakutaleta fedha, maana jukwaa halikuwahi kuzishika; na kuhama nje ni kosa linalohesabiwa kwa pande zote mbili. Upwork, kwa mfano, ambalo ni jukwaa mojawapo la kazi za mtandaoni, hukataza kulipana nje kwa miaka miwili tangu mkutane humo, isipokuwa kwa kulipa ada maalumu. Anayekwambia "tukwepe makato" anakuomba uondoe kinga yako mwenyewe.

Huna haja ya kujilaumu kwa kuamini. Lakini tazama ukubwa wa ulichokopesha. Saa moja ya sauti iliyo safi humchukua mnukuzi mzoefu kama saa nne; anayeanza huenda tano, na kukiwa na kelele au wazungumzaji wengi, sita na zaidi. Dakika 360 kwa saa tano kila saa ya sauti ni saa 30 za kazi. Ulimkopesha mtu usiyemjua karibu wiki nzima. Kanuni ya kushika ni hii: mteja mpya asiwe na zaidi ya siku moja ya kazi yako ambayo haijalipwa wala kuwekewa amana, yaani fedha ambazo mteja huziweka mapema na jukwaa huzishika mpaka kazi ikabidhiwe. Nikiwa na nafasi ya kukuachia jambo moja tu katika jibu hili, lingekuwa hilo.

Ndani ya majukwaa amana ndiyo kinga, ila ina masharti ambayo wageni huyakosa. Kwenye Upwork, mkataba wa bei maalumu hugawanywa kwa hatua, na kila hatua mteja huiwekea fedha kabla. Mkataba kuanza si sawa na hatua kuwekewa fedha; fungua ukurasa wa mkataba uone kama hatua ya kwanza imeonyeshwa kuwa na fedha. Kama haijaonyesha, usianze, hata mteja akisema ana haraka. Ukimaliza, wasilisha kazi kwa kitufe cha kuwasilisha chenyewe. Hapa wengi huanguka: wanatuma faili kwenye mazungumzo, mteja anaipakua, na kwa mfumo hakuna kilichowasilishwa. Ukibonyeza kitufe, mteja ana siku 14 za kukagua. Akikaa kimya zikapita, fedha huachiliwa kwako zenyewe, kisha hukaa siku tano za usalama kabla hujazitoa. Usipobonyeza, siku hizo 14 hazianzi kuhesabiwa kamwe.

Kwa mikataba ya saa, kinga ipo tu kwa muda uliorekodiwa na programu yao ya kompyuta, ambayo hupiga picha ya skrini katika kila kipindi cha dakika kumi na kupima utendaji wa kibodi na kipanya. Saa ulizoandika kwa mkono hazina ulinzi huo. Wiki hufungwa Jumapili usiku kwa saa za UTC, na fedha hupatikana siku kumi baadaye, kwa hiyo usipange kulipia kitu cha haraka kwa kazi ya wiki hii.

Fiverr ni kinyume kidogo: wewe ndiye unayetangaza huduma, mnunuzi anakuja na kulipa kabla. Jukwaa hukata asilimia 20. Ukikabidhi na mnunuzi akakaa kimya siku tatu, oda hujifunga kama iliyokamilika, kisha fedha za muuzaji mpya husubiri siku 14. Freelancer.com ina mtego wake: kwa kazi za bei maalumu hukata asilimia 10 au dola 5, ipi ni kubwa, na hukata pale unapokubali kazi, si unapolipwa. Ukiikubali kazi ya dola 30 bila amana na mteja akatoweka, umebaki na deni la dola 5. Omba amana iwekwe kabla hujabonyeza kukubali. Upwork yenyewe ilikuwa ikikata asilimia 10 kwa wote. Tangu Mei 2025 mikataba mipya hukatwa kati ya 0 na 15, na kiasi huonekana kabla hujatuma ombi. Kisome.

Nje ya majukwaa, gawanya. Kwa kazi kama ile ya dakika 360: nusu ya fedha mwanzo, au kama mteja anasita, nukuu dakika 30 za kwanza kwa dola 15, ulipwe kwanza, ndipo uendelee kwa mafungu ya dakika 60 kila fungu likilipwa kabla ya linalofuata kukabidhiwa. Mteja mwaminifu haoni ubaya wa mpango huo, kwa sababu naye unamkinga: akiona ubora haumfai anaachia hapo akiwa amepoteza dola 15. Jaribio la bure lisizidi dakika tatu za sauti, na mwenye kuuliza jaribio la dakika 20 mwambie bei. Matapeli wa majaribio huigawa rekodi ndefu kwa waombaji wengi, kila mmoja kipande chake, wakaikamilisha bila kumlipa mtu.

Bei yako sasa. Umeweka dola 3 kwa saa kwenye wasifu, lakini mteja wa pili alikupa senti 50 kwa dakika. Je, umezilinganisha? Saa moja ya sauti kwa senti 50 ni dola 30. Ukiifanya kwa saa tano, ni dola 6 kwa saa ya kazi. Kwa bei ya wasifu wako, saa hiyohiyo ya sauti ni dola 15. Unajitangaza kwa nusu ya kile ambacho mgeni alikuwa radhi kukutajia mwenyewe. Na zaidi ya hasara, dola 3 inawafukuza wateja wazuri: mwenye utafiti wa mwaka mzima kwenye rekodi zake anaogopa kumkabidhi aliye rahisi kuliko wote. Wanabaki wale wanaotafuta cha bure.

Taja bei kwa dakika ya sauti, na kabla ya kuitaja omba usikie kipande cha dakika tano. Nukuu dakika hizo tano kwa saa mkononi. Zikikuchukua dakika 25, kizidisho chako ni mara tano ya muda wa sauti, zikikuchukua 40 ni mara nane. Halafu uliza: wazungumzaji ni wangapi? Wanataka kila neno pamoja na "eeh", "yaani" na kujirudia, au maandishi yaliyosafishwa? Alama za muda ziwekwe kila baada ya muda gani? Wahojiwa wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, maneno ya Kiingereza yaachwe yalivyo? Kila jibu lina saa zake. Unukuzi wa neno kwa neno wa mazungumzo ya kikundi cha watu wanane ni kazi tofauti kabisa na mahojiano ya watu wawili kwenye chumba tulivu, na ukitoza bei moja utaumia. Tafsiri itoze peke yake, kwa neno la matini ya chanzo. Usikubali "unukuzi na tafsiri" kwa bei moja ya dakika mpaka uhesabu maneno: dakika 40 za mazungumzo hutoa maneno elfu kadhaa, na mtafsiri makini hutafsiri kama 2,000 hadi 3,000 kwa siku.

Kwenye maombi, 70 si machache. Tatizo ni kwamba yote 70 yalikuwa barua moja, kutoka kwa mtu anayefanya kila kitu. Futa uchapaji, data na usaidizi wa ofisi. Baki na unukuzi wa Kiswahili na tafsiri, kwa sababu huko ushindani ni wa wachache wanaoijua lugha, ilhali kuchapa anaweza yeyote duniani. Kichwa cha wasifu kiseme hivyo waziwazi: mnukuzi na mtafsiri wa Kiswahili, mahojiano ya utafiti na sauti za mikutano.

Tengeneza sampuli tatu kabla ya ombi jingine lolote. Moja, rekodi marafiki wawili wakizungumza dakika tano, kwa ridhaa yao, uinukuu mara mbili: neno kwa neno, na iliyosafishwa, ili mteja aone tofauti. Mbili, tafsiri ya maneno 300 kutoka makala ya Wikipedia, ambayo leseni yake inaruhusu mradi utaje chanzo na tafsiri yako ibaki chini ya leseni hiyohiyo. Weka matini mbili ubavu kwa ubavu. Tatu, kipande chenye kelele na alama za muda, kionyeshe unavyoshughulikia pasiposikika. Faili za mteja yeyote, hata aliyekudhulumu, zisiwe sampuli.

Ombi lenyewe: kwenye orodha ya mteja huonekana mistari miwili ya mwanzo tu, mpaka abonyeze. Ukiianza kwa "Mimi ni mchapakazi mwaminifu", mistari imekwisha na hujasema kitu. Tuseme mtafiti ametangaza mahojiano 12 ya Kiswahili, kila moja dakika 40. Anza hivi:

"Mahojiano 12 ya dakika 40 ni dakika 480 za sauti; naweza kukabidhi mawili kila siku ya kazi na kumaliza kwa siku sita. Je, majina ya wahojiwa yabaki, au niyabadilishe kuwa namba? Na 'eeh' na marudio yabaki? Nimeambatisha sampuli ya dakika tano kwa mitindo yote miwili. Ningependa tuanze na mahojiano mamoja kama hatua ya kwanza, uione kabla ya kuendelea."

Ni sentensi tano, na mteja tayari anaona mtu aliyesoma tangazo, anayejua hesabu ya kazi, na anayejali siri za wahojiwa. Swali la majina lina nguvu ya pekee kwa watafiti, kwani taratibu za maadili huwadai jibu la jambo hilo.

Chagua pa kupeleka. Upwork hutoza maombi kwa tokeni inazoziita Connects, senti 15 kila moja, na tangazo moja huweza kutaka tokeni nyingi. Maombi ya kubahatisha yana gharama halisi. Tazama kama njia ya malipo ya mteja imethibitishwa, ameajiri mara ngapi kati ya matangazo aliyoweka, ametumia kiasi gani, na wafanyakazi wa nyuma wanasemaje juu yake. Aliyeweka matangazo 20 na kuajiri mmoja, mpite. Tangazo la saa mbili zilizopita lenye waombaji watano lina maana kuliko la juzi lenye 50. Mteja asiye na historia si lazima awe mbaya, kila mtu alianza. Kwake huyo shikilia tu amana na fungu dogo. Maombi mawili au matatu kwa siku, yaliyoandikwa upya, yanatosha.

Na usikae jukwaa moja tu. Kazi nyingi za Kiswahili zinapita kwenye kampuni za tafsiri, na mahali pao pa kukutana ni ProZ.com, iliyoanza mwaka 1999. Humo kuna Blue Board, ambapo watafsiri huipa kila kampuni alama 1 hadi 5 kwa utayari wao wa kufanya nayo kazi tena. Itazame kabla ya kukubali kazi; chini ya 4 kwa miezi ya karibuni ni dalili mbaya. Kampuni hizi hulipa polepole, mara nyingi siku 30 au 60 baada ya ankara, lakini zikikuzoea hurudi tena na tena. Usianze kazi yao bila agizo la kazi lenye namba, kiasi na tarehe, na namba hiyo uiandike kwenye ankara, maana ankara isiyo nayo hukaa kwenye meza ya mhasibu bila mwenyewe.

Kuhusu kupokea fedha, fungua na uthibitishe njia zako sasa, kabla ya kazi. Jina kwenye kitambulisho, jukwaani, kwenye Payoneer au PayPal, na benki liwe lilelile, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule. Jina la utani au la ukoo lililoachwa upande mmoja ndilo linalozuia malipo ya kwanza ya watu wengi. Upwork husubirisha njia mpya ya malipo siku tatu kabla ya kuiruhusu kutumika.

PayPal haipokei fedha katika kila nchi, hata pale inapokuruhusu kutuma. Hakikisha hilo kwanza. Na kumbuka kwamba mlipaji anaweza kufungua mgogoro ndani ya siku 180, kwa hiyo hifadhi makubaliano, faili na uthibitisho wa kukabidhi kwa miezi sita kamili. Usimwombe mteja atume kama zawadi ya rafiki ili kukwepa ada. Si malipo ya biashara, na akaunti huweza kuwekewa vizuizi. Payoneer huunganishwa na majukwaa makubwa na hukupa namba za akaunti za kupokelea sarafu kama dola na yuro, hivyo wanaoanza wengi huishia hapo. Benki moja kwa moja hufaa kwa kiasi kikubwa: mpe mteja jina, namba ya akaunti, anwani ya benki na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki kimataifa, wenye herufi au tarakimu 8 au 11. Mkubaliane nani anabeba gharama, kwa sababu benki ambazo fedha hupitia zinaweza kukata njiani, na malipo ya dola 40 yakafika yamenyofolewa vibaya. Kusanya, kisha toa kwa fungu moja. Na usitazame ada pekee. Linganisha kiwango cha kubadilisha fedha wanachokupa na kile cha soko siku hiyo. Makato makubwa mara nyingi hujificha hapo.

Jukwaa la Marekani likikuletea fomu ya W-8BEN, usiikimbie. Ni tamko kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani, na hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisaini. Haifuti wajibu wako wa kodi unakoishi. Weka daftari la kila malipo, tarehe na makato.

Limebaki moja. Huyo wa dola 180 anaweza kurudi, hasa akiwa na rekodi nyingine na tarehe ya kuwasilisha inamkaba. Atasema atalipa zote kwa pamoja ukimaliza hii mpya. Mjibu kwamba ankara ya kwanza ilipwe kamili, kisha kazi mpya ifunguliwe jukwaani na hatua ya kwanza iwekewe fedha. Usimpe tarehe ya kukabidhi mpaka uzione zote mbili.

Mshauri